Bafu nyota tano, mteremko nyota mbili

Miaka minne natumia kiti cha magurudumu, na muda wote huo ngazi tatu za mlango wa mbele ndizo zilizokuwa zikinipangia safari. Akikosekana mtu wa kunibeba, sitoki. Ndiyo maana niliwaita mafundi hawa wanijengee mteremko wa kupandia na kiti badala ya ngazi, na wanirekebishie bafu.

Nianze na walipokosea. Sakafu yangu iko sentimita 45 juu ya uwanja. Kwa kawaida, kila sentimita 1 ya kupanda hudai sentimita 12 za urefu, kwa hiyo mteremko ulipaswa kufika mita 5.4. Wao wakamwaga zege la mita mbili na nusu, tena laini kama kioo. Nilipanda hadi nusu, nikarudi kinyumenyume bila kupenda. Msimamizi akaniuliza, "Mbona toroli la mchanga linapanda?" Nikamwomba akalie kiti changu ajaribu mwenyewe. Alijaribu mara moja tu. Kesho yake wakaanza kuvunja. Mteremko mpya una kona, sehemu tambarare ya kupumzikia na vyuma vya kushika pande zote mbili. Hawakuniongezea malipo, ila vumbi tulilila wiki mbili zaidi.

Bafuni ni hadithi nyingine. Mlango wa zamani ulikuwa ukinichuna vidole kila nikipita. Sasa una nafasi ya sentimita 90 na unafungukia nje. Sikuwa nimeliwazia hilo, wao ndio waliolisema: nikianguka ndani, mwili wangu usije ukazuia watu kuingia. Kizingiti cha sehemu ya kuogea wamekiondoa, maji yanajiendea yenyewe kwenye tundu. Chini ya sinki hakuna kabati, magoti yanaingia, na bomba la maji moto wamelifunika kwa sababu miguu yangu haihisi joto. Vishikio vimefungwa kwenye ukuta wenyewe, si kwenye vigae tu. Fundi alining'inia kwa mikono miwili mbele yangu, hata sauti havikutoa.

Jioni ile nilijifungia, nikaoga mpaka vidole vikakunjamana. Hakuna aliyebisha hodi kuuliza kama nimemaliza.

Ukiwaita, hakikisha wanapima ukiwa umeketi kitini, na futikamba uishike wewe upande mmoja. Mlango wangu wa nyuma bado una kizingiti cha sentimita tatu. Wanasema watakuja wiki ijayo. Hata wiki iliyopita walisema hivyo hivyo.