Sabuni ya mwani, Unguja mashariki: sabuni poa, duka nusu nusu

Tangu niweke ile picha ya sabuni ya mwani kwenye status watu hawaniachi, wapi, bei gani, inafaa uso au, basi ngoja niandike mara moja. Jina la kiduka silitaji maana nina malalamiko nacho, ila kipo pwani ya mashariki upande wa Paje na wanauza sabuni pamoja na ziara ya kuingia shambani, shamba lenyewe liko baharini.

Kwanza habari ya maji, usiende kichwakichwa. Mimi niliambiwa njoo saa nne asubuhi, kumbe ni siku za maji mafu, zile bahari haitoki mbali, nikakuta imejaa tele na hakuna mama wa shambani hata mmoja. Hela hawakurudisha, wakasema rudi siku ya bamvua, maji yakitoka sana. Bahati yangu nilikuwa na wiki nzima, mwenye siku mbili ndio imekula kwake. Kwahiyo uliza mwezi umefika wapi kabla hujalipa, ukiwa mwandamo au mpevu maji yanatoka mbali na hapo ndio kazi inafanyika.

Sasa shambani, aisee. Ni vijiti vimepigwa mchangani, kamba zimevutwa katikati, na vitawi vya mwani vimefungwa kimoja kimoja. Mama aliyetutembeza akanipa kitawi nikishike, nusu kahawia nusu cheupe pee kama kimechemshwa, nikakibana kidogo tu kikakatika. "Maji ya moto mwanangu," akaniambia. Na kweli miguuni yalikuwa kama yale ya kumuogeshea mtoto.

Akatuelezea kuna mwani wa aina mbili, spinosamu na kotoni. Kotoni ndio wenye bei, ule wanunuzi wa nje wanautaka kwa ajili ya ute wake unaotiwa kwenye dawa ya meno na aiskrimu na vitu kibao, lakini hauvumilii joto, na hapo maji mafupi ya ufukweni yamekuwa yakiuunguza toka miaka ya 2000 mwanzoni. Kilimo chenyewe kilianza kama 1989, mbegu ikatoka Ufilipino, na walioingia wengi ni wanawake, wamejengea nyumba wamesomeshea watoto kwa hela hiyo. Leo wengi wamebaki na spinosamu, wa bei ya chini. Kotoni utaupata ukienda kina kirefu, maji baridi, ila huko unatakiwa mtumbwi na kujua kuogelea, na wengi wao hawajui kuogelea.

Mdada mmoja kwenye grupu letu akauliza sasa joto linatoka wapi. Mama akacheka, akasema huko kwenu kwenye magari na viwanda. Hajakosea. Hewa ya kaboni, ile inayoshika joto lisitoke, kabla ya viwanda ilikuwa kama chembe 280 kwenye kila chembe milioni za hewa, sasa imepita 420, sababu ni mafuta, makaa ya mawe, gesi na kukata misitu, na zaidi ya asilimia 90 ya joto linaloongezeka linamezwa na bahari. Mi nilinyamaza, nimekuja na boti ya dizeli na hotelini nimelala na AC usiku kucha.

Turudi kwenye sabuni. Mwani unakaushwa, unasagwa, unachanganywa na mafuta ya nazi, halafu kuna ya karafuu na ya mchaichai. Ya karafuu chukua, harufu inakaa, ngozi haikakamai, povu la wastani. Ya mchaichai nimeona ya kawaida tu. Dukani sasa ndio waliponikera, kipande elfu kumi, mtandao wa kulipia haufanyi kazi, chenji hawana, na wameifunga kwa plastiki mbili mbili wakati saa moja iliyopita tulikuwa tunahubiriwa mazingira! Na ukiuliza yule mama wa shambani anapata ngapi kwenye hiyo elfu kumi, muuzaji anaanza kupanga panga rafu.

Ziara nawapa nyota tano, duka tatu, na mama mpe chake mkononi kabisa, usimwachie mtu wa kaunta. Mi nilinunua mbili, moja naogea, nyingine nimempa mama yangu kaitia kabatini katikati ya khanga zake, anasema hiyo haiogewi.