Pikapu ya dizeli ya mtumba ya kuvutia tela: kipi ufunge kwanza

Umepata Hilux au Land Cruiser yako ya mtumba, unataka kuvuta tela la viazi kutoka Isyonje hadi Uyole, huku Mbeya. Fundi wa kwanza utakayemfuata kule Mwanjelwa atakwambia, "Bosi, tuweke tabo," yaani kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi ipate nguvu. Mwambie asubiri. Kwenye orodha yangu tabo iko mwisho.

Namba moja ni breki, na hapa usibane pesa. Ukiteremka mlima Kitonga na tela la tani moja na nusu huku umelalia breki, mafuta ya breki yanaweza kuchemka, na pedeli ikazama kama umekanyaga godoro. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya unyevu, 140 tu. Ya DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa na unyevu. Basi mwaga yote ya zamani, usiongezee juu yake, weka DOT 4. Pedi nunua nzuri. Na tela liwe na breki zake, maana ukikanyaga gari husimama, tela linataka kuendelea na safari. (Gia ndogo mteremkoni ni bure, hainunuliwi dukani.)

Namba mbili, upoozaji. Hilux yangu ya injini ya 5L (ni jina la injini ya Toyota, si lita tano) ilikuwa inachemsha kila ikipanda na mzigo. Nikanunua rejeta nzima, hela ndefu, bado ikachemsha. Kumbe ni mfuniko wa rejeta: mpira wake ulikuwa umepasuka kama kisigino cha kiangazi. Mbeya mjini, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Presha inayoshikwa na mfuniko ndiyo inayoyazuia yasichemke mapema. Soma namba ya presha iliyoandikwa juu yake, 0.9 au 1.1, ununue ileile iliyotakiwa na kiwanda. Weka kulanti (maji maalumu ya rejeta), achana na maji ya bomba. Kisha zima injini ikiwa ya moto, sukuma feni kwa mkono: ikizunguka yenyewe kama pangaboi, klachi yake imekufa.

Tatu, springi za nyuma. Tela lililopakiwa vizuri hulalia ndoano kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. La kilo 1,500 ni kilo 150 hadi 225. Ongeza jani moja la springi. Mipira ya hewa ni laini, lakini kwa njia zetu za mawe mimi siiamini. Ila jani jipya haliongezi nguvu ya ekseli, usije ukapakia gunia za ziada.

Nne, kichujio cha dizeli chenye kikombe cha kutenga maji. Kama unanunua dizeli ya madumu vijijini na injini yako ni 1KD ya Toyota, kipandishe hadi namba tatu, nozeli zake za kupulizia dizeli ni ghali.

Sasa tabo. Huku hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani, kwa hiyo injini za 5L na 1HZ (hii ya Land Cruiser), zisizo na tabo, mlima zinausikia kweli. Nakubali inasaidia. Lakini ianze geji ya joto la moshi, ujue injini isije ikazidiwa na joto, ndipo tabo, na injini inayotoa moshi wa bluu usiiguse. Ukikuta gari linauzwa limeshafungwa tabo na geji haipo, muulize mwenyewe alikuwa anajuaje joto lilifika wapi.