Chuo cha Kurani cha jioni nyuma ya soko, mwanangu ana miezi 4 pale

Mume wangu alikua hataki kabisa, anasema mtoto wa miaka 5 anaelewa nini kuhusu dini, aachwe akikua achague mwenyewe. Mi nikamwambia mbona hata kupiga mswaki hakuchagua, nikampeleka, ada elfu 5 kwa mwezi. Kiukweli ustadhi wa wadogo yuko vizuri, anasoma kipande kidogo watoto wanaitikia huku wanayumbayumba, na dogo saivi sura za Fatiha, Nas, Falaq na Ikhlas anashuka bila kukwama, yupo kwenye Tabbat, juzuu Amma (ile sehemu ya mwisho ya Kurani) ina sura 37 kwahiyo safari bado ndefu 😅

Tatizo msaidizi mmoja aliwaambia watoto asieswali anaungua moto, basi mwanangu siku mbili halali anauliza na bibi je?? maana bibi mzaa baba ni wa kanisani. Nikaenda kuongea, ustadhi akaomba radhi, yule msaidizi akapelekwa kwa watoto wakubwa. Sasa hivi baba mtu ndo anaemfata jioni, eti anapenda kumsikia akisoma njiani. Nyota 4, na ule mkeka wabadilishe jamani umechanika.