Dawati la jinsia la polisi na hospitali ya wilaya huku kwetu Mbeya, nyota 3 kati ya 5

Jina la wilaya sitaji, kesi bado iko polisi na kijiji chenyewe kila mtu anamjua mwenzake.

Mdogo wangu wa ukoo, miaka 22, yalimkuta ya kubakwa jumapili jioni akitoka kuchimba viazi. Jumatatu kutwa wazee wako kwa balozi wa nyumba kumi wanataka yaishe kindugu, eti jamaa atoe ng'ombe mmoja, yani ng'ombe!! Ubakaji kwenye Kanuni ya Adhabu ni kuanzia miaka 30 jela, hiyo ya ng'ombe wameitoa wapi, na huku dawa za kuzuia ukimwi mwisho masaa 72. Jumanne alfajiri nikampakia boda, matope, ukungu humuoni hata dereva, 15,000 mpaka mjini. Nguo za siku ile nilimkataza kufua, nikazitia kwenye mfuko wa kaki maana kwenye rambo zinavunda.

Dawati nimelikubali nusu. Afande wa kike, mpole, hakuuliza ulikuwa umevaa nini. Ila benchi lipo koridoni, watu wanaofuatilia pikipiki zao zilizokamatwa wanakatiza hapo hapo wanakukodolea, halafu naambiwa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, zimeisha nikatoe kopi stationari ng'ambo ya barabara. 500 sio hela, ila kurudi namkuta kajifunika kanga mpaka puani, ukutani kabisa. Nyota 1 nimekata hapo, nyingine ni ya umbali.

Hospitali sina neno. Nesi mama mtu mzima, kitu cha kwanza kafunga mlango, "pole mwanangu, hapa hakuna wa kukugombeza", akapimwa, akapewa dawa za siku 28 na vidonge vya kuzuia mimba (hivyo hata siku ya 5 vinasaidia ila ukiwahi ndo vizuri), hatukudaiwa hata mia. Kisha akanivuta pembeni, siku nyingine mkiona polisi mbali njooni kwangu kwanza, fomu itafuata. Sasa hiyo huku kijijini nani anaijua? Wote tumekariri bila PF3 huguswi, ndo maana watu wanakaa ndani mpaka masaa yanaisha.

Dawa zinampa kichefuchefu, anameza usiku na uji. Balozi toka siku ile salamu yangu haitikii. Ijumaa tunarudi kupima tena, nauli ndo hiyo hiyo, nimeuza debe 2 za viazi.