Kayaki ya plastiki au ya faiba kwa bahari yetu ya Dar?

Hili swali la kayaki, vile vimtumbwi vyembamba vya kupiga kafi, haliishi, kila wikiendi pale Msasani lazima mtu aulize. Kwa bei plastiki inashinda mbali, na kwa uvumilivu pia, unaiburuza kwenye mchanga na mawe maji yakiwa yametoka inaambulia mikwaruzo tu, wakati faiba (nyuzi za kioo) ukiigonga jiwe vizuri inapasuka. Ila uzito jamani, plastiki ya futi 14 inaweza kufika kilo 25, ishushe peke yako kwenye gari uone. Faiba ni nyepesi halafu haipindipindi, kila kafi unalopiga linakusogeza, na kwa anayevuka mpaka kisiwa cha Mbudya na kurudi upepo wa kusi ukiwa umeamka hiyo tofauti mkono unaisikia kabisa.

Matengenezo ndo watu wanakosea. Plastiki gundi haishiki, ufa unachomelewa kwa moto na plastiki ya aina ileile, faiba fundi boti anaweka kitambaa cha nyuzi hizo na rezini, ile gundi ya maji inayokauka ikawa ngumu, anapiga msasa, kwisha. Na jua letu hili! Yangu ya plastiki niliikaza kamba nikaiacha juani, tumbo likabonyea.

Una watoto na unaishia ufukweni, chukua plastiki. Unaenda mbali na una kivuli cha kuilaza, faiba.