Majaribio yote kijani, Ng'apa haingii

Nilitaka kuandika haya usiku uleule niliporudi Lindi, nikiwa bado na vumbi la stendi miguuni. Mume wangu akaninyang'anya simu, akasema lala kwanza, hasira ya usiku haina tahajia. Nimelala siku nyingi sasa, korosho zimeshaanza kuingia maghalani, na hasira ipo palepale. Ila imekaa vibaya. Kila nikianza kuwasema wale walimu wa mafunzo nakumbuka kitu walichonifundisha ambacho nimekitumia asubuhi hiyohiyo.

Yalikuwa mafunzo ya siku nne Mtwara, ukumbi wa hoteli moja kule Shangani, kipindi kile ufuta umeisha na korosho bado. Kutengeneza mifumo ya wavuti na kuipima kwa majaribio ya kiotomatiki. Ada, vitafunwa, cheti, hayo yote yamo kwenye tangazo lao, someni wenyewe. Walimu wawili kutoka Dar. Mmoja mpole, ambaye hakupewa nafasi ya kusema. Mwingine ndiye huyu ninayemsema hapa.

Mimi nina steshenari Lindi mjini, na nyuma ya mashine ya fotokopi ndipo ninapotengenezea mifumo midogo midogo. Mmoja ni wa chama cha msingi: mkulima analeta mzigo, karani anapima, anaandika jina, kijiji na kilo, mkulima anaondoka na karatasi yake, mzigo unasubiri mnada. Si mfumo mkubwa. Lakini msimu mmoja uliopita nilibadilisha rangi ya kitufe, nasema rangi tu, na jumla ya kilo ikatoweka kwenye ripoti. Hesabu nilikuwa nimeishikiza kwenye jina la ile rangi. Ujinga wangu, sikatai. Nilikuja kujua siku ya tatu, katibu aliponipigia simu. Tangu hapo kila nikigusa kitu nilikesha nikibofya ukurasa baada ya ukurasa kwa mkono, kama mvuvi anayekagua wavu tundu kwa tundu. Nilipoona lile tangazo nilikopa nauli.

Na siku ya kwanza ilikuwa tamu, lazima niseme. Yule kaka alifungua laptopu, akaandika mistari sita saba ya Playwright, programu inayoiendesha brauza kwa niaba yako, akabonyeza. Brauza ikajifungua yenyewe, ikajaza fomu yenyewe, ikabofya yenyewe, ikajibu kwa kijani kwamba yote sawa. Kijana mmoja wa Masasi nyuma yangu akasema kwa sauti ndogo, "Jini." Mimi nilitaka kulia. Zile usiku zangu zote!

Akatueleza kwamba jaribio litafute kitufe kama mtu anavyokitafuta: kwa neno lililoandikwa juu yake, "Hifadhi", na si kwa rangi yake wala kwa kuhesabu kiko ndani ya boksi la ngapi. Hapo nilijiinamia. Akasema pia usiiambie mashine isubiri sekunde 5. Mtandao ukiwa mzuri umepoteza sekunde 5, ukiwa mbaya umepoteza jaribio zima. Iambie isubiri kitu chenyewe, yaani mpaka neno "Imehifadhiwa" litokee. Na kila jaribio lije na data yake, lisitegemee jaribio lililotangulia liliacha nini, maana siku ukiliendesha peke yake litaanguka na hutajua kwa nini. Haya nayatumia kila siku. Siku ile ningeulizwa, ningetoa nyota tano na kumwombea dua.

Mchana wake tulikwama saa nzima na ushee. Watu wote ukumbini tuliambiwa tupakue brauza za majaribio kwa wakati mmoja, zote tatu, Chromium, Firefox na WebKit, mamia ya megabaiti kwa kila mtu, kupitia waifai moja ya hoteli. Akasema mtandao wa kusini una laana. Hakuna laana. Ukiongeza neno moja mwishoni mwa amri, inapakua Chromium peke yake, na kwa siku ya kwanza hiyo inatosha. Nilikuja kulisoma hilo mwenyewe, kwa bando langu. Lakini hili dogo, nilikuwa nimeshamsamehe.

Siku ya tatu sasa.

Tuliambiwa kila mtu achukue fomu ya usajili aliyoitengeneza yule kaka, kwa kuwa ina ulinzi kuliko zetu, aiingize kwenye mfumo wake, kisha aendeshe majaribio 14 yanayokuja nayo. Nikaingiza. Nikaendesha. Kijani, kijani, kijani, mpaka chini kabisa. Nikapiga picha nikamtumia mume wangu. Kwa furaha ile ile nikaiweka kwenye seva ya kujaribia, nikamtumia katibu wa chama kiungo ajaribu kujisajili kwa simu yake. Katibu ni mtu wa kijiji cha Ng'apa.

Akapiga kabla chai haijaletwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mbona mashine yako inasema kwetu hakuruhusiwi?"

Nikadhani ananitania. Nikajaza mwenyewe: kijiji, Ng'apa. Fomu ikawa nyekundu. "Herufi haziruhusiwi." Nikaangalia data za majaribio yake 14. John Smith, Chicago. Mary Brown, London. Hamna hata mtu mmoja wa Mtama, wa Newala, wa popote.

Nikanyoosha mkono. "Kaka, samahani, fomu inakataa jina la kijiji."

Akaja, akainama. "Hako kaalama katoe dada. Andika Ngapa."

"Hilo si jina lake."

"Watu wataelewa."

"Wataelewa, lakini si jina lake."

Akasimama wima akaugeukia ukumbi. "Jamani, mkijenga mfumo msimfuate kila mtu wa kijijini anavyotaka kuandika. Mfumo ndio unamfundisha mtumiaji." Watu wakacheka. Wengine walicheka kwa adabu tu, najua, lakini walicheka. Na wa pembeni yangu alikuwa na mdomo umejaa ming'oko niliyoinunua mimi pale Mnazi Mmoja nikija. Ming'oko! Hebu iandikeni nayo bila alama tuone.

Sikuwa na jibu pale. Jibu lilinijia kwenye bodaboda, kama kawaida. Kaka yangu, mchana ule ulikula nyama ya ng'ombe, hukula ya ngombe. Kulilia ngoa ni kitu kimoja na kung'oa ni kitu kingine, na kinachovitenganisha ni hako kaalama. Ng'apa si jina la pembeni mtu alilojibunia. Mradi wa maji unaoihudumia Lindi mjini unaitwa Ng'apa. Maji ya kunywa wanatoa wao, halafu kwenye fomu hawaruhusiwi.

Aliniambia sababu yake baadaye, kwa kuona nimenuna: ile alama ni mlango wa wezi. Na hapo, kwa bahati mbaya, alikuwa na nusu ya ukweli. Ukichukua alichoandika mtumiaji ukakiunga moja kwa moja ndani ya amri ya SQL, lugha ya kuiagiza hifadhidata, alama ile inaifunga sentensi kabla ya wakati wake, na mwenye nia mbaya anaandika amri yake mwenyewe hapohapo mbele. Hilo kweli lipo, na ni la zamani. Lakini dawa yake si kuifukuza alama. Dawa ni kuipeleka amri ikiwa na nafasi tupu, kisha jina lipelekwe kando kama thamani tu. Hifadhidata inalipokea kama jina hata likija na alama kumi. Yeye aliona ni rahisi zaidi kuifuta Ng'apa.

Usiku nilikuwa kwa shangazi, Chikongola, nikaapa kesho siendi. Nikakaa na laptopu kibarazani kutengeneza ile fomu upya. Kama saa saba usiku ikaanza balaa nyingine: jaribio la tarehe, lililokuwa kijani mchana kutwa, likawa jekundu. Sijagusa kitu. Mzigo wa leo mfumo unasema umepokelewa jana. Nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la mafunzo, bila salamu, kwa hasira, sikutegemea jibu.

Akajibu yeye. Saa nane usiku. Sauti ya dakika sita.

Akanieleza taratibu, bila kejeli hata kidogo, kwamba seva inakwenda kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa, na sisi tuko saa 3 mbele. Kwa hiyo kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa, sisi tumeshaingia siku mpya na seva bado iko jana. Mchana huwezi kuliona, ndiyo maana linaishi miaka kwenye mifumo ya watu. Weka muda kwa UTC kwenye hifadhidata, ugeuze kuwa saa za Afrika Mashariki wakati wa kuonyesha na wakati wa kukata siku ya ripoti. Na kwenye jaribio usiiachie saa ya kweli. Playwright inaweza kuisimamisha saa ya brauza pale unapotaka, basi isimamishe saa saba usiku makusudi uone. Mwisho akasema, "Pole dada, lala sasa."

Mtu kama huyo unamfanyaje? Nilikuwa na matusi yangu nimeyapanga vizuri.

Siku ya nne nikaenda. Hakuligusa lile la Ng'apa, na mimi sikuligusa. Cheti nilikipokea kwa mkono mmoja, shangazi angeniona angenisema.

Kurudi Lindi ndiko nikajua ile fomu yake ilikuwa na mengine. Namba za simu ilikubali zinazoanza na 07 tu. Wakulima wangu wengi wana laini za 062, maana ndiyo inayoshika huko mashambani. Nikairekebisha. Alama nikairuhusu. Nikapumua. Wiki haikuisha, ripoti ikaleta Ng'apa mbili, kila moja na kilo zake. Nilizitazama mpaka macho yakauma, zinafanana kabisa. Kumbe simu ya karani inaandika alama iliyopinda, na laptopu yangu inaandika iliyonyooka. Kwa jicho ni kitu kimoja, kwa mashine ni herufi mbili tofauti, basi ni vijiji viwili. Sasa kila jina likifika linageuzwa kuwa na alama ya aina moja kabla ya kuhifadhiwa, na mtu akitafuta vilevile. Jaribio langu la kwanza kabisa kwenye orodha linaingiza Ng'apa kwa alama zote mbili na kudai kijiji kimoja.

Kuna lingine ambalo ukumbini haliwezi kuonekana, kwa sababu pale kila kitu kinaendeshwa ndani ya laptopu moja na jibu linarudi kabla hujapepesa. Ghalani karani anabonyeza "Hifadhi", mtandao unasita, anabonyeza tena, anasonya, anabonyeza mara ya tatu. Gunia moja limekuwa matatu, na mkulima haji kulalamika kwamba amezidishiwa. Nikaandika jaribio linalolichelewesha jibu la seva makusudi, linabofya mara mbili, kisha linahesabu: iwe rekodi moja. Lilianguka mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Kukizima kitufe kikishabonyezwa hakukutosha, kwani karani alifungua ukurasa upya na kuanza tena. Ilibidi seva yenyewe iijue namba ya karatasi ya mizani na iikatae ikija mara ya pili. Hili sikufundishwa na mtu. Lakini kuandika jaribio la namna hiyo nilifundishwa, tena na yeye, na hapo ndipo nyota zangu zinapoanza kunitoroka.

Nilianza na moja. Ile sauti ya saa nane usiku ikanilazimisha mbili, na hili la magunia likanifikisha tatu. Nikikumbuka kile kicheko narudi mbili. Mtu akiniuliza aende au asiende, namwambia nenda, ila uende na majina ya kwenu kwenye daftari, na brauza uipakue nyumbani.

Nilimwandikia, kwa upole safari hii, nikamwomba aongeze jina moja tu la kwetu kwenye yale majaribio yake 14. Alisoma, tiki mbili za bluu, kimya. Juzi kijana wa pale jirani, anayetengeneza simu, karudi kutoka mafunzo yao mapya. Nikamwomba anionyeshe data za mfano walizopewa. John Smith yupo, Mary Brown yupo, na sasa majaribio ni 15. La mwisho lina mkulima, na kijiji chake kimeandikwa Nga'pa.

Kijana anasema linapita kijani.