Pi-hole katika ofisi ndogo: inafaa, kwa sharti moja

Katika ofisi ambayo wafanyakazi wote hutegemea laini moja ya intaneti, haipiti saa sita mchana kabla video za mitandao ya kijamii hazijailemea laini hiyo, na anayetaka kuwasilisha ritani ya kodi akabaki anasubiri. Miongoni mwa programu ambazo meneja anaweza kuzitumia kupunguza tatizo hilo bila gharama kubwa, Pi-hole ndiyo ninayoipendekeza kwanza, ingawa kwa sharti moja.

Ni programu huria isiyolipiwa, inayosakinishwa katika kompyuta ndogo ya Raspberry Pi au katika kompyuta kuukuu yenye mfumo endeshi wa Linux. Vifaa vya ofisi huelekezwa, kwa kawaida kupitia ruta, viulizie hapo anwani ya kila tovuti. Tovuti iliyopigwa marufuku haipewi anwani yake halisi, hivyo haifunguki. Hata matangazo mengi katika kurasa za habari huzuiwa kabla hayajapakuliwa. Tangu toleo la 5.0, lililotoka Mei 2020, vifaa vinaweza kugawanywa katika makundi, kiasi kwamba idara ya masoko, ambayo kazi yake iko Instagram, ikaachiwa huku kompyuta za mapokezi zikizuiwa. Kwangu hili ndilo jambo bora kuliko yote katika programu hii, kwa kuwa katazo la jumla huwaumiza wale wanaofanya kazi humo humo.

Upungufu upo. Pi-hole husoma majina ya tovuti tu, kwa hiyo haiwezi kutofautisha somo la uhasibu na muziki, vyote vikiwa YouTube. Haina ratiba ya saa, na anayetaka kufungua mitandao wakati wa chakula cha mchana hulazimika kuandika amri za cron, chombo cha Linux kinachoendesha amri kwa saa zilizopangwa. Kivinjari kinachotumia DNS iliyosimbwa, yaani kinachouliza anwani za tovuti kwingine kwa njia ya siri, kinaweza kuikwepa, na simu yenye bando lake haiguswi kabisa. Hili la mwisho sioni kuwa kasoro, maana bando la mtu ni mali yake.

Sharti langu linahusu faragha. Kwa mipangilio yake ya awali, Pi-hole humwonyesha msimamizi kila tovuti iliyoulizwa, saa na kifaa kilichouliza, zikiwamo za kliniki, za ibada na za kutafuta kazi kwingine. Meneja hana haja ya kujua hayo ili laini ipumue. Zipo ngazi za faragha kuanzia 0 hadi 3, na ngazi ya 2 huficha majina ya tovuti na ya vifaa, ikabakiza hesabu za jumla. Iwekwe siku ile ile ya usakinishaji.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya 2019. Huko Ulaya, Septemba 2017, Mahakama ya Haki za Binadamu iliamua kwamba haki ya faragha ya Bogdan Bărbulescu, Mromania aliyefukuzwa kazi baada ya mwajiri kusoma mazungumzo yake ya Yahoo Messenger, haikulindwa ipasavyo. Swali mojawapo lililopimwa ni kama alijulishwa mapema kiasi ambacho angefuatiliwa. Kwa hiyo, kabla ya kuiwasha Pi-hole, wafanyakazi wapewe waraka unaotaja tovuti zinazozuiwa, kumbukumbu zinazohifadhiwa na muda wake, anayeruhusiwa kuziona, na mtu wa kumwendea tovuti ya kazi inapozuiwa kimakosa.